Karabai ya Magunia ya Mama

Kama kuna mtu anataka logo yenye sokwe, aje kwangu. Nimechora sokwe wa nyumba ya wageni, sokwe wa timu ya mpira, sokwe wa akina mama wa vikoba, na jamani, nimechora hata sokwe wa saluni, kashika kitana. Huku Kigoma, mwisho wa reli, mteja akiingia dukani akisema anataka kitu "kinachotuwakilisha", mimi najua ni sokwe, nyuma yake ziwa, na nyuma ya ziwa jua linazama. Nikimwambia mwenzake mtaa wa pili ana sokwe huyo huyo, ananijibu, "Basi wa kwangu mgeuze aangalie huku." Namgeuza. Nimekaa miaka mingi kwenye hilo duka la stesheneri pale Mwanga, natengeneza kadi za harusi, mabango, fulana na nembo za watu, na hakuna kazi hata moja iliyotoka na jina langu. Jina ni la duka, na duka si langu.

Ndiyo maana nilitaka tovuti. Wenzangu dukani walicheka, wakaniuliza tovuti ya nini, mimi ni wizara? Lakini kila nilipoomba kazi nje, Mwanza au Dar, mtu ananiuliza, "Tovuti yako iko wapi tuone kazi zako?" Namtumia picha kwenye simu, anakaa kimya mpaka leo. Nikasema potelea mbali. Nikajifunza mwenyewe, nikapanga kurasa, nikachagua kazi zangu nzuri zisizo na sokwe hata mmoja, nikaandika maneno machache kueleza mimi ni nani. Ikabaki nembo ya kuweka pale juu. Hapo nilikoma. Wateja wote niliowahi kuwasema kwa usumbufu, hakuna aliyenifikia mimi.

Nilijaribu herufi za jina langu, zikafanana na za kampuni ya mabasi. Nikajaribu jicho, likawa kama la bango la mganga. Nikachora jani la mchikichi, mume wangu akapita nyuma yangu akaniuliza, "Huo unyoya wa kuku?" Mume wangu ni mwalimu, mtu wa adabu, ila adabu yake ina mipaka. Nilifuta, nikachora, nikafuta tena. Mpaka siku moja niko kwenye simu na mteja wa maneno mengi, yeye anaeleza, mkono wangu unachezea kalamu kwenye karatasi. Nilipokata simu nikakuta nimechora karabai, ile taa ya wavuvi wa dagaa. Duara, kishikio juu, miale mitatu inashuka chini. Nilishtuka kweli. Nilikuwa sijaichora tangu utotoni.

Mama alikuwa mfanyabiashara wa dagaa mwaloni Kibirizi. Ananunua asubuhi wavuvi wakirudi, anaanika, anafunga kwenye magunia, magunia yanapanda treni kwenda Dar. Sasa gunia bila alama umekwisha. Kuli hana muda wa kusoma jina lako, yeye anatazama alama tu. Huyu wa nyota, huyu wa jembe, huyu wa msalaba mwekundu, kila mzigo anaurusha upande wake. Mama alikuwa anaandika herufi ya kwanza ya jina lake, na kulikuwa na mama mwingine wa Katonga mwenye herufi hiyo hiyo. Basi ikawa magunia yanabadilishana huko mbele, dagaa wazuri wa mama wanakwenda kwa mwingine, yeye anabakiziwa waliojaa mchanga. Siku moja alirudi nyumbani amenuna, hasemi na mtu. Baba alikuwa ameshafariki, nyumba nzima inasimama kwenye yale magunia, kwa hiyo mama akinuna tunajua mambo si mazuri. Mimi nilikuwa darasa la sita, ndiye niliyewachorea ramani darasa zima. Nikamwambia, "Mama, achana na herufi. Weka karabai. Hakuna mwenye karabai."

Akanitazama. "Haya, nioneshe."

Nilichukua picha ya eksirei ya kifua cha bibi, ambaye hakuwepo tena duniani na picha yake haikuwa na kazi, nikaikata kwa wembe. Eksirei ni ngumu, haichaniki, haishiki rangi. Ukishakata umbo unailaza juu ya gunia, unapigapiga rangi na sponji, unainua, taa imekaa. Kazi ni kwenye kukata. Duara ukilikata zima, katikati panadondoka, unabaki na tundu. Inabidi uache vidaraja viwili vidogo vya kushikilia cha ndani, na vile vidaraja vinaonekana kwenye rangi, kama taa ina ufa. Mwale wa tatu ukatoka mfupi kuliko wenzake kwa sababu wembe uliteleza ukanikata kidole. Mama alinifunga kwa kipande cha kanga, huku anacheka, akasema taa imekunywa damu, haitazimika. Mwaloni wakaanza kusema "mzigo wa karabai". Mama alikuwa ananishika bega mbele ya wanawake wenzake anawaambia, "Kachora huyu." Nilikuwa natembea pale kama nimejenga bandari.

Kaka yangu mkubwa wakati huo hakuwepo nyumbani. Alikuwa Kagunga kwa mjomba, amepelekwa kwa utundu wake, kazi yake mpira na ugali wa watu. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye litahitajika.

Basi nikaiingiza karabai yangu kwenye kompyuta. Niliifanyia kazi kama sijawahi kumfanyia mtu. Nilinyoosha kishikio, nikapunguza unene wa mistari ili ikiwa ndogo kwenye simu isigeuke doa. Vidaraja viwili niliviacha. Mwale mfupi nao niliuacha mfupi, ingawa kompyuta ingeuweka sawa kwa kubonyeza mara moja. Rangi nikachukua ile ile tuliyopakia magunia, buluu iliyokolea. Chini yake nikaandika jina langu, langu kamili, si la mume wala la duka. Mume wangu akaja akasimama nyuma, safari hii hakuuliza kitu. Akasema, "Hiyo ndiyo." Nilifurahi mpaka nikajiona mjinga.

Sasa sikiliza kosa nililofanya. Mtu mwenye akili angeiweka hewani akanyamaza. Lakini sisi tumelelewa kwamba jambo jipya halianzi bila kuwaambia wakubwa. Unajenga, unawaambia. Unafungua genge la nyanya, unawaambia, wakuombee dua. Nikaituma nembo kwenye kundi la familia, lile lililoanzishwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu na halijafungwa mpaka leo. Nikaandika kwa heshima zote: "Assalaam alaikum wazazi na ndugu zangu. Shikamooni. Namshukuru Mungu nafungua tovuti yangu ya kazi, na hii ndiyo nembo yake. Naomba baraka zenu." Mimi niliomba baraka. Kumbe ukiomba baraka umeomba na ruhusa, na aliyeombwa ruhusa anaweza kukataa.

Masha Allah zikaja, mikono ya dua ikaja, shangazi akatuma maua. Halafu kaka akaandika, bila salamu: "Hiyo si alama ya biashara yetu?"

Biashara yetu! Mama alipochoka magoti, kaka ndiye aliyeishika ile biashara, sikatai, na ameikuza, sikatai. Mama amehamia kwake Ujiji, anakula vizuri, anapelekwa hospitali. Kaka sasa hapeleki magunia tu, anataka kufunga dagaa kwenye vipakiti vya kuuza madukani Dar, vimesafishwa, havina mchanga, vina picha. Na picha yenyewe ni karabai. Alikuwa anafuatilia kuisajili, na huko ofisini wamemwambia alama isiwe inatumiwa na mtu mwingine. Yote hayo mimi nayasikia kwenye kundi, pamoja na ndugu wa Burundi na wakwe wa watu.

Nilimpigia. "Shikamoo kaka."

"Marahaba. Itoe hiyo kitu."

"Kaka, hii taa nimeichora mimi."

"Umeichora kwenye kompyuta juzi. Ya magunia ipo siku nyingi."

"Na ya magunia nilichora mimi!"

"Nani kasema?"

Nilicheka, nilidhani ananitania. Nikamwambia amuulize mama. Akasema sawa, yataongelewa kwenye kikao. Na mimi nilifurahi kusikia kikao! Nikamwambia mume wangu, kesho tunamaliza, mama yupo, mama ndiye anajua. Mume wangu akasema, "Kwa nini usichore nyingine tu?" Nikamkaripia hapo hapo. Leo namkumbuka na lile swali lake.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa kaka, Ujiji, baada ya sala ya alasiri. Wanaume kwenye viti, sisi kwenye mkeka, mama pembeni ya mlango wa ndani kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto, alichonunuliwa na kaka. Baba mdogo ndiye mwenyekiti wa kila kitu kwenye ukoo wetu, akafungua kwa dua, akaongea maneno marefu ya umoja. Akasema mtoto wa kike ni mgeni kwao, heshima yake ni kule alikoolewa. Akasema huu mtandao umeingia majumbani unagombanisha watu. Nilivumilia. Nikiwa na hasira huwa nafinya kidole gumba, siku ile nilikifinya mpaka kikaota alama.

Nikapewa nafasi. Nikaeleza yote, herufi, yule mama wa Katonga, eksirei ya bibi, wembe, kidole. Nikaonesha na kovu. Baba mdogo akaliangalia akasema, "Kovu kila mtu analo." Watu wakacheka kidogo. Kaka naye akaeleza kwamba yeye ndiye aliyekata ile eksirei, likizo, alipokuja kutoka Kagunga, na mimi nilikuwa namshikia taa tu nisije nikajikata.

Mtume! Mtu mzima, mwenye ndevu, ametoka kuswali.

"Kaka," nikasema, "mwale wa tatu kwa nini ni mfupi?"

Hakusita. "Ndivyo nilivyopenda."

Hapo nilijua hakumbuki lolote, wala hajali, na pengine ameshalisema hilo jambo mara nyingi kwa wateja wake mpaka amejiamini. Sikumkasirikia sana, nasema kweli. Nilisema moyoni, ngoja, dawa yako ipo kwenye kiti cha plastiki.

Baba mdogo akageuka. "Shemeji, wewe ndiye mwenye mzigo. Alama ile nani alikata?"

Mama alikuwa anakunjua na kukunja ncha ya mtandio wake. Alitazama mkeka. Alimtazama kaka, si kwa woga, kama unavyomtazama mtu kujua kama chai yake imekwisha. Mimi hakunitazama kabisa.

"Alikata kaka yake," akasema. "Huyu alikuwa mdogo."

Alisema taratibu, kwa sauti yake ya kawaida. Yoo mawe! Nimewahi kufiwa, nimewahi kupoteza mimba, na sijui nieleze vipi, lakini siku ile nilihisi nimepigwa mbele ya watu na mtu aliyenizaa, na kila mtu akaendelea kunywa chai. Sikulia. Nilisema, "Sawa." Baba mdogo akafurahi, akasema ndiyo maana tunaitana vikao, mambo yanaisha kistaarabu. Tukaletewa samaki, mgebuka wa mawese, na ugali wa muhogo. Nilikula, ndiyo. Ukisusa chakula wanasema una kinyongo, na kinyongo ninacho lakini sikutaka wawe na la kusemea.

Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Mimi nilitunzwa mgebuka.

Nilimwahi mama uani, anatawadha kwa ajili ya magharibi, nikamshikia birika. Nikamwambia polepole, "Mama, kweli mimi sikukata ile eksirei?"

Akaendelea kunawa. Uso, mikono mpaka viwiko, akapaka maji kichwani. Alipofika miguuni akasema, "Wewe unakaa wapi?"

"Katubuka, mama."

"Kwa nani?"

"Kwa mume wangu."

"Na mimi nakaa wapi?"

Nikamwagia maji mguu wa pili. Nimeolewa nyumba ya vyumba viwili, mume mwalimu, watoto wanalala sebuleni. Mama anajua vizuri sana kwamba kwangu hakuna pa kuweka kile kiti chake. Najua na mimi. Ndiyo maana hasira yangu haina hata pa kwenda. Ningekuwa na chumba cha tatu pengine ningekuwa na nembo.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki chache kaka akanipigia, mchangamfu, kana kwamba tulikuwa tumetaniana tu. Anataka karabai "iliyosafishwa vizuri" ya kuweka kwenye vipakiti. Yule kijana wa Dar aliyempa kazi ameichora imefanana na bomba la maji. "Wewe ndiye fundi wetu bwana, nani mwingine?" Nikamwambia thubutu. Nikamwambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kesho yake mama akapiga simu. Hakuitaja nembo. Aliniuliza wajukuu hawajambo, akaniuliza mvua, akanieleza kaka yangu hana raha, halali, mkopo wa mashine ya vipakiti umemkaba na nyumba nzima hakuna amani. Halafu akasema, "Mwanangu, msaidie mwenzio."

Nilifungua kompyuta. Kazi yenyewe ilikuwa imeshakwisha, nilikuwa nimeshaimaliza kwa ajili yangu, vidaraja, mwale mfupi, buluu, kila kitu. Nilichofanya ni kufuta jina langu chini yake, nikamtumia. Akajibu kwa kidole gumba. Sasa hivi ukienda Dar ukaingia duka kubwa ukakuta dagaa wa Kigoma wenye karabai ya buluu, ni ile. Watu wananipigia picha wananitumia, "Angalia kazi ya kaka yako, imetulia!" Nawajibu, asante, nitamfikishia.

Tovuti niliifungua hivyo hivyo. Nilijaribu tena herufi, jani, nikajaribu mpaka sokwe, jamani, sokwe wangu mwenyewe, nikajionea aibu nikamfuta. Kila ninachochora naona nadanganya. Basi pale juu nikapaacha wazi. Mume wangu anasema inapendeza, inaonekana ya kisasa. Wateja wawili wamenipata kwa hiyo tovuti, mmoja wao akaniuliza mbona mchora nembo hana nembo. Nikamwambia kinyozi hajinyoi.

Juzi mama alikuja Katubuka. Anakuja mara chache, magoti. Alileta dagaa, wa magunia, si wa vipakiti, akaleta na kanga mpya akanipa bila kusema ya nini, na mimi nikapokea kwa mikono miwili bila kuuliza. Shikamoo, marahaba, karibu mama. Mume wangu na watoto walikuwa shule. Alipomaliza chai akasema, "Ile kitu yako ya kwenye simu, nioneshe basi na mimi."

Nikakaa karibu yake nikamfungulia. Alishika simu mbali na uso, kama wanavyofanya watu wa umri wake, nikawa nampandishia kurasa kwa kidole. Kadi za harusi. Bango la shule. Chapa ya asali ya vijana wa Kasulu. "Na hii wewe?" "Mimi, mama." "Na hii?" "Mimi." Kila moja anasema Masha Allah, na namjua mama yangu, alikuwa anasema kweli. Moyo wangu, mpumbavu ule, ukaanza kulainika. Nikarudisha ukurasa mpaka mwanzo.

Akaangalia pale juu, akapagusa kwa ukucha, hapakutokea kitu.

"Mbona hapa pako wazi?"

"Sijapata cha kuweka."

Akafikiri. "Si uweke ile karabai yako," akasema.

Niligeuka nikatazama mlangoni, kama kuna mtu mwingine aliyesikia. Hapakuwa na mtu.